Suti ya Studio

Juzi binti yangu alinijia na simu yangu mkononi, amenuna. Simu imemwekea sura mbili, yake na ya marehemu babu yake, inauliza kama ni mtu mmoja. "Baba, hii simu inasema mimi ni babu!" Nikamwambia abonyeze hapana. Akabonyeza, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki na yangu, maana si mara ya kwanza mashine kunishika kwa picha ya mzee.

Ni ule mwaka tulipopokea negativu za studio moja ya picha ya Tanga. Studio imefungwa, wenyewe wamehamia Uingereza, wametuachia makasha yananuka siki kama negativu za zamani zinavyonuka zikianza kuoza. Daftari la majina lilishaliwa na mchwa. Kuskani tuliskani, hilo halina simulizi. Kazi ilikuwa kuzipanga: maelfu ya watu wasio na majina, karibu wote mkao mmoja.

Kijana wetu wa kompyuta akaja na PixPlot, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Yale. Hiyo haikuulizi nani ni nani. Kila picha inaigeuza kuwa orodha ya namba 2,048, kisha hesabu iitwayo UMAP inazibana namba hizo mpaka picha zote zienee kwenye kioo, zinazofanana zikikaa jirani. Asubuhi tulizikuta zimejipanga mafungu mafungu kama nyanya sokoni: watoto wachanga huku, maharusi kule, picha za pasipoti pembeni. Kina mama wa kanga ndio walitawanyika ovyo. Macho ya mashine ile yalifunzwa kwa ImageNet, mkusanyiko wa picha zilizopangwa kwa aina za vitu, na katika aina 1,000 ilizofunzwa sarong imo, suti imo, hata tai imo, kanga haimo. Liliniudhi hilo, na linaniudhi mpaka leo.

Lakini suti iliijua. Pembeni palikuwa na fungu dogo la wanaume, nikalivuta karibu. Wa kwanza mrefu, mikono ya koti imemwishia juu ya vifundo. Wa pili mfupi, vinaonekana vidole tu. Wa tatu koti limegoma kufunga. Nyuma yao pazia lilelile la mnazi wa kuchorwa, shingoni tai ileile ya mistari. Ndipo nikaona kifungo cha chini: vingine vyeusi, hicho cheupe. Nikasogeza picha. Cheupe. Nikasogeza tena. Cheupe.

Ya kama sita ilikuwa ya baba.

Kidevu juu, mkono kwenye mgongo wa kiti, ndiyo ile iliyotundikwa sebuleni kwetu miaka yote. Ya sebuleni iliishia kifuani. Negativu ilikuwa nzima, nikamwona mpaka chini: suruali imekunjwa, miguuni katambuga, kidole gumba kimechungulia nje. Na sisi tulikua tukiambiwa ile ni suti ya mshahara wake wa kwanza. Tukiuliza iko wapi, imeliwa na nondo.

"Hawa ni ndugu?" kijana akauliza.

"Koti lao moja," nikamjibu.

Mama nilipomweleza alicheka mpaka akajifuta machozi. "Kwani wewe ulidhani karani wa mkonge anashona suti?" Kaka hakucheka, aliniambia nimemvua mzee nguo mbele ya watu. Sijui. Mimi nilimpenda zaidi yule wa katambuga, ila sikuulizwa na marehemu.

Baba mdogo yeye alipiga simu usiku uleule. "Hiyo suti na mimi niliivaa, mwanangu. Nitafute humo."

Nimepitia fungu lote, hayumo. Pengine alicheza, picha ikatoka ukungu na mashine ikampeleka kwingine. Pengine alivaa tai nyingine. Pengine hakuwahi kwenda studio. Kila Idi ananiuliza nimefika wapi, na mimi namjibu bado natafuta.