Nilivyopata rangi zinazopatana na wino wa mihuri yangu

Mtu anayetaka kupaka rangi picha zilizogongwa kwa muhuri huniuliza kwanza anunue rangi gani. Natengeneza kadi za harusi hapa Tanga, na jibu langu ni lile lile: anza na wino. Ule mstari mweusi ulioachwa na muhuri una kitu kinachouyeyusha. Wino mwingine hutoka kwa maji, mwingine kwa spiriti. Rangi utakayoipitisha juu yake nayo imechanganywa na maji, au spiriti, au nta. Kinachoyeyusha wino kikiwemo ndani ya rangi, mstari utatembea na weusi utaingia kwenye rangi yako. Kwa hiyo wino na rangi huchaguliwa pamoja, kama posa.

Jambo hili nililishughulikia kwa undani nilipoagizwa kadi za kufuata kisutu, ile kanga ya bi harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nilichora korosho kubwa yenye vidoa pembeni, nikampelekea fundi mihuri anichongee ya mpira. Nilimwomba kila sehemu nyeusi aiache imejaa, asichonge mzingo peke yake. Naliona hili kuwa la maana kuliko kalamu yoyote ya bei: weusi unaogongwa na muhuri hutoka sawasawa kwenye kila kadi, na kazi inayobaki kwa mkono ni nyekundu tu. Nyeupe ni karatasi yenyewe, ila vidoa vyeupe huongezwa mwishoni.

Kisha nikachukua manila, nikaipiga mistari ya gridi. Kwenda chini niliandika aina za wino, kwenda kulia nikaandika rangi. Kila chumba niligonga picha, nikaiacha ikauke vizuri (masika hapa pwani wino huchelewa kukauka, usiuharakishe), kisha nikapitisha rangi husika. Kila muhuri mpya au wino mpya ukiingia nyumbani, naongeza mstari kwenye jedwali hilo, na limeniokolea karatasi nyingi.

Wino wa kawaida wa pedi ya ofisini, ule wa bluu au zambarau, hukimbia kwa maji na kwa spiriti pia. Huo nautumia kwa penseli za rangi kavu tu. Wino wa Memento, unaotengenezwa Japani na Tsukineko, unastahimili kalamu za spiriti bila kutikisika, lakini brashi yenye maji huusogeza. StazOn wa kampuni hiyo hiyo ni kinyume chake: umeundwa kushika hata kwenye kioo na chuma, maji hayaufanyi kitu, ila spiriti huufungua mara moja, na weusi wake hupanda kwenye ncha ya kalamu yako nyekundu. VersaFine nao ni wino mzito wenye asili ya mafuta. Ukishakauka hauogopi maji, na hutoa mistari myembamba kwa usafi ambao sijauona kwenye wino mwingine. Huo ndio wangu wa rangi za maji.

Nyekundu ya kisutu ilitaka kujaa bila michirizi, nikachagua kalamu za spiriti na Memento. Binamu yangu aliyeko Dubai alinitumia Copic chache. Kinachonipendeza kwenye kalamu hizo ni namba zake: herufi inakuambia ukoo wa rangi, tarakimu ya mwisho inakuambia wepesi au uzito wake. R24, R27 na R29 ni ndugu, hivyo huchanganyika bila mpaka kuonekana. Ukiwa na seti za bei nafuu unaweza kufanya vivyo hivyo, mradi ujaribu mwenyewe zipi zinapokeana, kwa kuwa rangi ya kifuniko haiaminiki sana.

Napaka hivi. Natangulia na nyekundu nyepesi eneo zima. Ikiwa bado mbichi, naweka nzito upande wa kivuli, halafu narudi na ile nyepesi juu ya mahali zilipokutana, kwa miduara midogo. Sifiki hadi kwenye mstari; naacha upenyo mwembamba, maana spiriti huendelea kusambaa baada ya kuinua kalamu. Chini naweka karatasi ya akiba, kwani rangi hupenya hadi upande wa pili.

Karatasi nayo inaamua mengi. Manila ya shuleni hunywa spiriti kwa pupa, na kingo zinaota manyoya. Karatasi inayong'aa inafanya kalamu iteleze na penseli isishike. Nilipata nafuu kwenye karatasi nyeupe nzito isiyo na mng'ao, laini ukiipapasa. Kwa rangi za maji hutumia ya gramu 300 (uzito wa mita moja ya mraba), upande laini, kwa sababu ile yenye vinundu huikata picha ya muhuri vipande vipande. Ya gramu 80 hujikunja hata kabla hujamaliza ua moja.

Somo wa bi harusi alikuja kuona sampuli. Alizipanga mezani, akaisogeza moja pembeni kwa kidole.

“Hii imekaa waridi, mwanangu. Kisutu hakina waridi.”

“Shikamoo kwanza, bibi,” nikamwambia, akacheka, akaitikia marahaba. Lakini alisema kweli. Tulisimama mlangoni kwenye mwanga wa jua, nikaongeza tabaka la pili la R29, naye akatikisa kichwa kukubali. Tangu siku hiyo nyekundu zangu nazipima nje. Taa ya ndani huficha mengi. Vidoa vyeupe nilimalizia kwa kalamu nyeupe ya jeli baada ya spiriti kukauka kabisa.

Kwa kadi moja moja, ambapo muda upo, moyo wangu uko kwenye penseli za rangi. Hazidai wino maalumu, na mkono unapata nafasi ya kufikiri. Tabaka jepesi juu ya tabaka jepesi, penseli imelala kidogo, hadi vinyweleo vya karatasi vinajaa. Zile za nta, ukikandamiza mapema, hufunga uso na rangi inayofuata inateleza. Kulainisha, nachovya kijiti cha pamba kwenye mafuta ya watoto, nakifuta kwenye kitambaa hadi kinakaribia kukauka, ndipo nasugua taratibu. Mafuta yakizidi karatasi hubaki na doa la kupenyeza mwanga, na doa hilo haliondoki.

Ipo pia njia ya unga wa kuyeyusha. Unagonga kwa wino mzito unaochelewa kukauka, unanyunyiza unga, unakung'uta uliobaki, kisha unaupasha moto hadi ung'ae na kuinuka. Mstari ulioinuka hivyo huzuia rangi za maji zisivuke kwenda upande wa jirani, na watoto hufurahi sana kupaka picha za namna hiyo. Mashine ya kukaushia nywele haifai: upepo wake unapeperusha unga na joto lake ni dogo. Mimi hushikilia kadi juu ya pasi yenye moto, picha ikitazama juu, bila kuigusisha.

Mteja akitaka picha ya kuweka kwenye fremu ukutani, simpi ya kalamu za spiriti. Rangi zake hufifia zikikaa kwenye mwanga, na nyekundu ya harusi haipaswi kufifia mbele ya wenyewe. Hapo natumia VersaFine na rangi za maji nzuri, au penseli, na bei inapanda kidogo kwa sababu ya muda. Mihuri yenyewe naifuta kwa kitambaa chenye sabuni kila nikimaliza, StazOn kwa dawa yake maalumu, na naiweka kwenye boksi mbali na jua.