Siku moja maishani mwangu: kuongoza famasia ya hospitali ya wanajeshi wastaafu

Saa 12:30 asubuhi

Salamu baadaye, kwanza friji. Kipimajoto cha friji ya dawa kina namba tatu: joto la sasa, la chini kabisa na la juu kabisa tangu kilipofutwa mara ya mwisho. Mipaka ni nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Asubuhi namba ya sasa haisemi mengi. Umeme ukikatika usiku wa manane na kurudi alfajiri, utaikuta friji inasoma 5 kana kwamba hakuna lililotokea, na ushahidi umebaki kwenye ile namba ya juu kabisa. Kosa la kawaida la zamu ni kuandika namba kisha kusahau kubonyeza kitufe cha kufuta. Nyuzi 11 za juzi zinajitokeza tena leo na kesho, na zikishazoeleka hakuna anayeshtuka.

Insulini isipangwe ikigusa ukuta wa nyuma, maana huko ndiko kunakoganda kwanza. Iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Chupa ikifunguliwa tunaibandika tarehe ya kutupwa, si ya kufunguliwa. Aina nyingi hudumu siku 28, na hakuna muuguzi wa kumhesabisha siku vidoleni saa tisa usiku.

Saa 1:00 asubuhi

Kabati la dawa zinazodhibitiwa. Tunahesabu wawili, anayetoka zamu na anayeingia, na anayehesabu haoni rejista. Mwenzake ndiye anayeishika. Ukiitazama namba iliyoandikwa kabla ya kuhesabu, macho yako yataitafuta namba hiyohiyo.

Tofauti ikitokea, mara nyingi chanzo ni kidogo: mofini ya vidonge vya miligramu 10 imeandikwa kwenye ukurasa wa ampuli za miligramu 10, au mofini ya maji imepungua mililita chache kwa sababu kila dozi inayomiminwa huacha matone kwenye kipimio. Hayo yanafafanulika, yanaandikwa na kusainiwa na wawili. Mimi natazama zaidi mwenendo wa mabaki. Mgonjwa akiandikiwa miligramu 4 kutoka ampuli ya 10, miligramu 6 zinamwagwa mbele ya shahidi. Jina moja likijirudia kwenye umwagaji, daima na shahidi yuleyule, daima mwisho wa zamu, huku wagonjwa wa muuguzi huyo wakilalamika kuwa maumivu hayajapungua, hapo suala limeshatoka kwenye hesabu. Nalipeleka kwa utaratibu uliowekwa, kimya kimya, bila kumshutumu mtu korido.

Toroli la dharura la kila wodi lina kufuli la plastiki lenye namba na, kwa nje, tarehe ya dawa itakayokwisha kwanza. Kufuli likiwa zima na tarehe haijafika, halifunguliwi.

Saa 2:30 asubuhi

Raundi ya wodi, na hapa ndipo sehemu kubwa ya kazi yangu ilipo. Mwanajeshi mstaafu mara nyingi ana tabaka tatu za dawa: za majeraha ya vita, za akili, na za uzee. Kila tabaka lina daktari bingwa wake, na kila bingwa yuko sahihi kwa upande wake. Mgonjwa ndiye anayeanguka chooni.

Chukua mfano mmoja tu. Daktari wa akili ameandika prazosini kwa jinamizi la vita. Daktari wa njia ya mkojo ameandika tamsulosini miligramu 0.4 kwa tezi dume. Kliniki nyingine imempa sildenafili ya nguvu za kiume. Zote tatu zinashusha presha, na mbili za kwanza zinafunga vipokezi vya aina ileile. Hakuna dozi iliyozidi, kompyuta inaweza isilie hata kidogo, na mzee akisimama usiku kwenda kukojoa giza linamfunika. Kwa hiyo nataka presha ipimwe amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika moja hadi tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, tunazungumza na madaktari wote walioziandika.

Prazosini yenyewe ina mtego mwingine wa wodini. Huanzwa kwa miligramu 1 wakati wa kulala na kupandishwa taratibu, na wapo wanaofika 10 au zaidi. Akilazwa kwa nimonia, dawa ikasahaulika siku nne kwa sababu orodha ya nyumbani haikuletwa, halafu siku ya tano mtu akairudisha "kama alivyokuwa akitumia", dozi ile kamili itamwangusha. Ikikatika siku kadhaa, anza tena na 1. Ndiyo maana orodha ya dawa za nyumbani tunaikusanya ndani ya saa 24 za kulazwa, kutoka vyanzo viwili angalau: mgonjwa au mlezi wake, na kumbukumbu za dirisha la dawa. Mfuko wa dawa wenyewe ukiletwa ni bora zaidi, kwani vidonge vilivyobaki vinasema ukweli kuliko mtu yeyote.

Wengine huuliza kama prazosini inafaa kweli. Utafiti mkubwa wa maveterani 304 nchini Marekani, uliochapishwa 2018, haukuona tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo, mwongozo wa 2023 wa Idara ya Maveterani na Idara ya Ulinzi za nchi hiyo bado unaipendekeza kwa jinamizi, ingawa kwa nguvu ndogo. Msimamo wangu ni kwamba anayesaidika aendelee, asiyesaidika baada ya kupandishiwa dozi ipasavyo aachishwe. Dawa isiyofanya kazi isibaki kwenye orodha kwa mazoea.

Mwongozo huohuo unapinga wazi diazepamu na jamaa zake, dawa za kutuliza, kwa kiwewe cha vita. Lakini ukimkuta mtu amezitumia miaka kumi, usizikate leo. Kuzikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Punguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4, na simama kidogo akisumbuka. Akiwa pia kwenye mofini au dawa yoyote ya jamii yake, hatari ya kuacha kupumua usingizini inapanda, na naloksoni, dawa inayozima athari za mofini, inapaswa kwenda nyumbani pamoja naye. Mke au mtoto afundishwe kuitumia, kwa kuwa aliyezimia hajitibu.

Saa 4:00 asubuhi

Bado niko wodini, sasa kwenye upande wa waliokatwa viungo na walioumia uti wa mgongo. Vipimo vya huku vinadanganya, ila si kosa la maabara.

Kreatinini, kipimo cha damu tunachopimia kazi ya figo, hutoka kwenye misuli. Mtu aliyepoteza miguu miwili, au aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu miaka mingi hadi mapaja yamekwisha, anatengeneza kidogo. Kipimo kinarudi na mikromoli 50 kwa lita, kompyuta inakokotoa figo za kijana wa miaka ishirini, na daktari anaandika dozi kamili. Figo zenyewe zinaweza kuwa zimechoka nusu. Kwa mgonjwa wa namna hii naomba sistatini C, kipimo kingine cha figo ambacho hakitegemei sana misuli. Isipopatikana, natazama mkojo wa saa 24.

Uzito nao. Enoksaparini ya kutibu damu iliyoganda ni miligramu 1 kwa kilo kila saa 12. Kilo hizo ni za mtu, si za mtu na kiti. Fomu ikisema kilo 96, muulize muuguzi alipimwa vipi. Kiti cha magurudumu na mguu wa bandia huondolewa kwenye hesabu, na tarehe ya kupima iandikwe. Uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, dozi hiyo inakuwa mara moja kwa siku.

Masikio. Wengi wao milipuko imeshayala. Gentamisini, dawa ya kuua bakteria, inaweza kuua usikivu uliobaki, na huo haurudi. Kama kuna dawa nyingine inayotibu kijidudu hicho, tumia hiyo. Kama hakuna, siku ziwe chache, kiwango chake damuni kabla ya dozi kiwe chini ya miligramu 1 kwa lita kwa wanaopewa mara moja kwa siku, na usikivu upimwe mwanzo. Furosemidi, dawa ya kukojoza, nayo inaweza kuumiza masikio: dozi kubwa ya mshipa isisukumwe haraka, isizidi miligramu 4 kwa dakika. Miligramu 80 ni dakika 20, hata kama wodi imejaa.

Kwa aliyewahi kuumia kichwa, tramadoli naitilia shaka kila ninapoiona. Inashusha kizingiti cha kifafa, na ikikutana na sertralini, dawa ya sonona, hatari inaongezeka.

Saa 6:00 mchana

Dirisha la dawa wakati foleni imefika mlangoni. Naketi kwenye dirisha moja, kwa sababu huko ndiko unakojua kama maelekezo yetu yanaeleweka.

Kwa mwenye masikio mabovu, kupaza sauti kwenye kioo hakusaidii, na foleni nzima inasikia ugonjwa wake. Mwingize chumba cha pembeni, mtazame usoni, ongea polepole, andika. Kisha usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo. Askari amefundishwa kujibu ndiyo. Muulize hivi: "Afande, kesho ukiamka utaanza na kipi, na utakunywa vingapi?" Jibu lake ndilo linalokuonyesha kosa lilipo. Mara nyingi ni dawa ileile kwa majina mawili, la kiwanda na la asili, akinywa zote mbili.

Aliyebaki na mkono mmoja hawezi kifuniko cha kusukuma na kuzungusha. Pakiti za kugawa dozi kwa siku zinamfaa, ila mwulize kwanza kama kuna watoto nyumbani. Anayefuatiliwa kwa hatari ya kujidhuru hapewi dawa za miezi mitatu. Tunampa za siku 7, na amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, ndiyo ninayoilinda zaidi ya zote, kwa kuwa ikinywewa kwa wingi huvuruga moyo. Akilalamika kwamba anasumbuliwa kuja kila wiki ana haki. Mweleze sababu kwa heshima, usimfiche.

Saa 8:00 mchana

Chakula cha haraka, halafu stoo.

Makosa mengi ya kuagiza yanatokana na kugawanya vibaya. Tuseme baklofeni ya miligramu 10: tumetoa vidonge 18,000 kwa siku 90. Ukigawa kwa miezi mitatu unapata 6,000 kwa mwezi. Lakini kadi ya stoo inaonyesha siku 30 rafu ilikuwa tupu. Kwa hiyo 18,000 zilitoka ndani ya siku 60, yaani 300 kwa siku, na mahitaji halisi ni 9,000. Agizo la 6,000 linazalisha upungufu mwingine, na kila robo mwaka namba inazidi kushuka huku wagonjwa hawajapungua. Mzigo ukichukua miezi miwili kufika na akiba ni ya mwezi mmoja, agizo litoke rafu ikiwa na 27,000.

Nimeichagua baklofeni kwa makusudi. Kwingine ni dawa ya kawaida ya kulegeza misuli. Kwetu kuna watu wa uti wa mgongo wanaoitegemea, na wengine wana pampu inayoipeleka moja kwa moja kwenye uwazi wa uti wa mgongo. Ikikatika ghafla misuli inakakamaa, homa inapanda, anaona visivyokuwepo, anaweza kufa. Tarehe ya kujaza kila pampu iko kwenye daftari langu na kwenye ukuta wa stoo, na dawa yake inaagizwa kwa jina la mgonjwa kabla ya tarehe hiyo.

Rafu zimepangwa kwa tarehe ya kwisha, si tarehe ya kufika. Hidralazini na hidroksizini hazikai jirani, kwa kuwa majina yanafanana. Ampuli za kloridi ya potasiamu yenye nguvu haziendi wodini kabisa. Wodi inapata dripu iliyokwisha changanywa.

Saa 9:30 alasiri

Kikao cha kamati ya dawa. Nitakisema kwa ufupi, ingawa chenyewe si kifupi. Kila anayetaka dawa mpya kwenye orodha aeleze ipi itoke. Bila sharti hilo, orodha inanenepa na bajeti inaliwa na dawa chache za gharama.

Leo kuna suala la wauguzi kuruka skana ya msimbo pau. Teknolojia hii ina mizizi kwenye hospitali za aina yetu: ilianzia kwa muuguzi wa hospitali ya maveterani ya Topeka, Kansas, miaka ya 1990. Mtu akiiruka, kabla ya kumwita mkaidi, nenda kaangalie. Utakuta mkanda wa mkononi umelowa na hausomeki, au kidonge kimekatwa nusu na msimbo umebaki kwenye nusu nyingine, au mgonjwa hana mkono wa kuvalishwa mkanda na hakuna aliyeamua uende wapi. Tumekubaliana mkanda wa kifundo cha mguu, na kama miguu nayo haipo, kadi yenye picha kwenye kitanda, inayosainiwa kila zamu. Nusu za vidonge zitapakiwa na famasia zikiwa na msimbo wake.

Saa 11:30 jioni

Makabidhiano kwa mfamasia wa usiku, kwa maandishi, si kwa mdomo peke yake. Hatuandiki kilichokwenda vizuri. Friji namba mbili mpira wa mlango umelegea, asubuhi fundi anakuja. Hadi hapo insulini yote iko namba moja. Kitanda cha 14 prazosini imeanzwa upya kwa miligramu 1, asikubali kupandisha usiku kwa simu.

Kitanda cha 6 yuko kwenye vankomisini, dawa ya kuua bakteria. Tangu mwongozo wa 2020 tunafuata eneo chini ya mkunjo, yaani jumla ya dawa inayokuwa damuni kwa saa 24, lengo 400 hadi 600, na kwa hesabu hiyo tunahitaji sampuli mbili: moja saa moja au mbili baada ya dripu kuisha, nyingine kabla tu ya dozi inayofuata. Ya pili inaangukia saa kumi alfajiri. Damu itolewe mkono usio na dripu, muuguzi aandike saa aliyochoma, si saa iliyopangwa, na dozi isitundikwe kabla ya sampuli hiyo kuchukuliwa.