Siku mbili Malindi na daftari la mahesabu

Nasomea uhasibu, mwaka wa tatu, na ugonjwa wa fani hii ni kwamba mtu hawezi kununua hata ubuyu bila kuandika. Basi tulipopata likizo fupi mwezi wa Juni niliondoka Kilifi na daftari, shilingi 3,500 na wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja. Kadzo ana shangazi yake Maweni, ndiye aliyetulaza. Mwanamisi ni wa Kwale, na kwake yeye safari ni kula. Hayo mengine ni njia tu ya kukifikia chakula.

Dereva wa tuktuk alitupokea stendi kwa "Ciao, bella!" Mwanamisi akamjibu kwa Kidigo. Wakacheka, na nauli ikashuka kutoka mia mbili hadi mia. Waitaliano wamekaa Malindi miaka mingi hata muuza madafu anakuhesabia chenji uno, due, tre, na mpaka ufungue mdomo ndipo ajue wewe ni wa nyumbani.

Shangazi alikuwa ameshakaanga mahamri. "Wanangu, hamtoki hapa na njaa, mtaniaibisha." Mahamri manne na bakuli la mbaazi za nazi kwa kila mtu. Daftarini: sifuri.

Kwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama tulipita ufuoni. Nilitegemea ile bahari ya buluu ya kwenye kalenda, nikakuta maji yana rangi ya chai ya maziwa. Masika yalikuwa ndiyo kwanza yameisha, na Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini ya mji, ulikuwa bado unashusha udongo wa bara. Mwanamisi alisimama, akatazama, akauliza, "Na sukari mmetia?"

Nguzo yenyewe ni ndogo kuliko picha zake. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe, imepakwa nyeupe, msalaba juu, imekaa kwenye mwamba huku upepo wa kusi ukitupeperushia mitandio usoni. Da Gama, baharia Mreno, alifika hapa Aprili 1498 akitoka Mombasa ambako hawakuelewana. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, kwa hiyo akapokelewa vizuri, akapewa nahodha aliyeijua njia, na chini ya mwezi mmoja akawa ameivuka bahari hadi Calicut, India. Kihesabu: Malindi ilitoa nahodha, ikapata nguzo. Tena mji huu ulikuwa na safari zake kabla yake. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China, zawadi kwa mfalme. Twiga, melini, miezi! Nguzo ya twiga sikuiona popote.

Kanisa dogo la Wareno tulilipita haraka. Makuti juu, makaburi uani, na maelezo kwamba mmisionari Francis Xavier alisimama Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda India. Palinipendeza zaidi pembeni ya Msikiti wa Juma, kwenye makaburi ya Waswahili wa zamani yaliyosimamishiwa nguzo. Watalii wanaoifuata ile nguzo ya mwambani wengi wanayapita haya bila kugeuza shingo. Tulikaa kivulini upande wa pili wa njia, tukala kachri za muhogo. Shilingi 30.

Kadzo yeye alikuwa na ziara yake moja tu: sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza, kwenye bustani mjini. Kadzo naye ni Mgiriama, na hiki kisa tulishakisikia chumbani mara kumi, lakini pale alikisimulia upya. Wakoloni walimkamata mwaka 1913, wakampeleka Kisii, huko magharibi kabisa, akatoroka akarudi kwa miguu. "Kwa miguu," akarudia, akimtazama Mwanamisi aliyekuwa ameshaanza kutafuta tuktuk.

Sasa pizza. Mtu hawezi kwenda Malindi asile pizza, ndivyo tulivyodanganyana. Tuliingia mahali penye vitambaa vya meza, tukaagiza moja ya watu watatu. Menyu ilisema 1,100. Bili ikaja 1,386: kodi asilimia 16, na huduma asilimia 10. Niliirudia hesabu mara mbili nikitumaini wamekosea. Hawakukosea. Mhudumu, kijana wa Ganze, alimnong'oneza Kadzo kwa Kigiriama kwamba siku nyingine tusome maandishi madogo ya chini. Ilikuwa tamu, sikatai, ngozi nyembamba na jibini inavutika. Lakini ni 462 kwa kila kichwa, na viazi karai ni hamsini sahani. Sahani tisa, na chenji 12.

Usiku wa pili tulijirekebisha. Kuna mama anakaanga karibu na soko, karai moja, jiko la makaa, foleni haikatiki. Kiazi kimechemshwa, kimevishwa unga wenye manjano, kinatoka mafutani kinachoma vidole. Ukwaju wake ni mzito, una pilipili inayochelewa: unadhani umepona, halafu masikio yanapata moto. "Taratibu, mwanangu, viko vingi," aliniambia. Hatua chache mbele palikuwa na supu ya pweza. Wanaume wote pale wakatugeukia, maana supu ile ina sifa zake. Mwanamisi akaagiza vikombe viwili, akanywa vyote, akawauliza wanatazama nini.

Asubuhi ya kurudi nilifunga hesabu kwenye matatu. Zimepungua shilingi 60 zisizo na maelezo. Kadzo hajui, na Mwanamisi kaapa hajui, akiwa na ufuta wa kashata kidevuni.