Pedi ya gemu iliyogoma kushika: kumbukumbu ya kompyuta ya likizo

Jumamosi usiku

Mradi huu umeanza na ahadi. Binti wa dada yangu yuko darasa la nne, na likizo hii ya Desemba anakaa kwetu Temeke. Siku aliyoshuka na begi lake alizunguka sebule, akasimama mbele ya meza yangu, akauliza: "Mjomba, hii kompyuta inacheza gemu?" Nikamwambia nipe wiki moja.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, ya mezani, zile nzito zilizotoka maofisini Ulaya. Prosesa ni Intel i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 8, na diski ya SSD ya GB 240 niliyoifunga mwenyewe mwezi uliopita. Nimepakia mfumo wa Linux Mint 22. Gemu nimetafuta za bure, na ya kwanza ni SuperTuxKart, mbio za vigari, kwa sababu wawili wanaweza kucheza pamoja huku kioo kimegawanywa nusu kwa nusu. Hiyo na gemu nyingine ziko kwenye diski ya nje. Mpaka hapo kila kitu kimekubali. Kimebaki kitu kimoja, pedi, yaani kile kifaa cha mkononi cha kuchezea.

Pedi nimeichukua Kariakoo, DualShock 4 iliyotumika, ile ya PlayStation 4 (PS4). Niliitaka hiyo hiyo. Inakaa vizuri hata kwenye mikono midogo, na Linux inaifahamu: tangu keneli (kiini cha Linux) ya 6.2 inahudumiwa na dreva (programu ya kuendesha kifaa) moja na pedi za PS5, inaitwa hid-playstation, na Mint 22 inakuja na keneli ya 6.8. Sina cha kupakia. Kwa kuwa kompyuta haina Bluetooth ndani, nikaongeza kidude cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye USB, kidogo kama ukucha wa dole gumba, shilingi elfu kumi.

Sasa ni saa nne usiku. Nikibonyeza kitufe cha PS, taa ya mbele inapepesa nyeupe taratibu, halafu inazimika. Kwenye orodha ya Bluetooth hakuna kitu. Mtoto amelala akiwa ameniambia kesho niwahi kuamka.

Jumapili

Sababu ya kwanza nimeijua asubuhi. Kitufe cha PS peke yake hakitangazi pedi kwa mashine ngeni. Kinaitafuta ile mashine ambayo pedi ilishikana nayo mara ya mwisho, na hii yangu ilikuwa ikimwita mwenyewe wa zamani ambaye yuko mbali, hawezi kuitika. Ukitaka ijitangaze, unashikilia vitufe vya Share na PS kwa pamoja sekunde kadhaa, mpaka mpepeso ubadilike. Inawaka mara mbili haraka, inatulia, inawaka tena mara mbili. Ukishauona mpepeso huo hutauchanganya tena na ule wa taratibu.

Nilipofanya hivyo jina likatokea kwenye orodha: Wireless Controller. Moyo ukatulia. Nikabonyeza kuoanisha, kigurudumu kikazunguka, ujumbe ukaja kwamba imeshindikana. Mara ya pili vilevile. Mara ya sita ikaandika imeunganishwa, nikahesabu moja, mbili, ikakatika.

Hapo nilijizuia kuanza kubonyeza ovyo. Nimechukua daftari, nikaandika vitu vinne vinavyoweza kuwa na ubovu: pedi, waya, kidude, kompyuta. Nitavipima kimoja kimoja, na kila nikigeuza kitu naandika.

Jumatatu

Nimeanza kwa waya, ili kuiondoa Bluetooth kwenye hesabu kabisa. Pedi ikifanya kazi kwa waya, basi vitufe na saketi yake ni salama.

Nikaichomeka kwa waya uliokuja nayo. Taa ikaja ya chungwa, ikififia na kuwaka polepole, yaani inachaji. Lakini kompyuta ikakaa kimya. Amri ya lsusb, ambayo inaorodhesha kila kilichochomekwa, haikuonyesha pedi. Nusu saa nzima niliamini pedi imekufa upande wa data, na nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia mtoto.

Dada akapita na simu yake ya zamani, nikaazima waya wake. Papo hapo lsusb ikaandika 054c:05c4, namba ya DualShock 4 toleo la kwanza. Nikafungua programu ya kupimia pedi, kila kitufe kikaitika, vijiti vyote viwili vikarudi katikati vikiachiwa.

Ule waya wa kwanza nimeupasua kwa wembe, nione kwa macho. Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne: nyekundu ya umeme wa volti 5, nyeusi ya kurudishia, kisha ya kijani na nyeupe zinazobeba data. Huu ulikuwa na nyekundu na nyeusi peke yake, nyembamba kama uzi wa kushonea, na nafasi ya zile mbili imejazwa plastiki. Kwa nje hauna tofauti na waya wa dada. Unachaji kitu chochote na hauwezi kupitisha hata herufi moja. Kama una waya za chaji nyumbani na hujui ipi ni ipi, zipime kwa simu: inayokuruhusu kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta ni waya kamili, ifunge utepe wa rangi. Mimi nimezipanga zote leo. Kati ya tisa, nne ni za chaji tu.

Jumanne

Zamu ya Bluetooth ya pedi yenyewe. Nyuma, upande wa kitufe cha L2, kuna tundu dogo sana, na ndani yake kitufe cha kuirudisha pedi mwanzo. Nimetumia ncha ya pini ya karatasi niliyoinyoosha, nikashikilia sekunde tano huku pedi imezimwa. Usisukume kwa nguvu. Ukisikia kimebonyea, inatosha. Kwenye kompyuta nako nimelifuta lile jina, ili pande zote mbili zianze upya na isibaki kumbukumbu ya jaribio lililovunjika katikati.

Bado imegoma.

Nikaijaribu kwenye simu yangu. Simu za Android kuanzia toleo la 10 zinaipokea pedi hii bila programu ya ziada. Share na PS, mpepeso wa mbili mbili, nikagusa jina, ikashika chini ya sekunde tano. Nikatoka nayo mpaka barazani alipokaa mama, simu nimeiacha sebuleni, ikawa bado imeshika.

Kwenye daftari nimekata vitu viwili, pedi na waya. Vimebaki kidude na kompyuta. Angalizo moja kwa atakayefanya jaribio hili: pedi inakumbuka mashine moja tu, ya mwisho. Ukishaioanisha na simu, kompyuta inabidi uanze nayo upya, na usisahau kuzima Bluetooth ya simu, la sivyo ukibonyeza PS inakimbilia huko.

Jumatano

Leo nimesoma kumbukumbu za keneli kwa amri ya dmesg, na jibu lilikuwa pale tangu Jumamosi. Kidude changu kinajitambulisha kwa namba 0a12:0001. Hiyo ni namba ya chipu za Cambridge Silicon Radio (CSR), kampuni ya Uingereza iliyonunuliwa na Qualcomm mwaka 2015. Lakini mstari uliofuata keneli imeandika kwamba imegundua nakala ya CSR isiyo na jina, na kwamba inaiwekea marekebisho maalumu. Yaani watu wanaotunza Linux wameshakutana na hizi nakala mara nyingi kiasi cha kuandika msimbo wa kuzitambua na kuzisaidia. Baadhi zinasaidika, zinaishi miaka. Yangu inaweza kutafuta vifaa na kuvitaja majina, ila ikifika kwenye kupeana funguo za siri inakwama.

Mchana nimerudi dukani na laptopu. Muuzaji ni muungwana. Naye ananunua kwa dazeni, hawezi kujua kilichomo ndani ya kila plastiki. Nilipomweleza akanifungulia vitatu vya aina tofauti nivipime palepale kaunta. Viwili vikatoa 0a12:0001. Cha tatu, cha Bluetooth 5, kikatoa 0bda:8771, chipu ya Realtek RTL8761BU. Hicho nimekiongezea elfu kumi na tano juu ya nilichorudisha. Muuzaji akanakili zile namba mbili nyuma ya kitabu chake cha risiti.

Nyumbani nimekichomeka, dmesg ikaonyesha keneli imepakia faili lake, rtl8761bu_fw.bin, ambalo Mint tayari inalo. Share, PS, oanisha. Taa ikawa bluu, ikatulia.

Mtoto alikuwa nyuma yangu akapiga makofi. Tukafungua gemu, gari likaondoka, na kwenye kona ya kwanza likanyooka moja kwa moja hadi ukutani kwa sababu pedi ilikatika.

"Mjomba, imezima."

Alhamisi

Kipande hiki kimenichukua siku nzima, na ndicho nilichojifunza kikubwa kuliko vyote.

Pedi inashika sasa, ila haikai. Dakika moja nzuri, kisha vitufe vinachelewa, gari linaendelea kukata kona ilhali umeshaachia kijiti, kisha kimya. Nikaangalia ni lini hasa inatokea. Kwenye menyu haikatiki. Inakatika gemu inapopakia ramani, yaani ile diski ya nje inaposomwa.

Nyuma ya kompyuta kuna matundu mawili ya USB ya bluu, yamebanana. Kwenye moja nimechomeka diski, kwenye jingine kidude, nikidhani nimekipa nafasi bora. Bluu ni USB 3, inayosafirisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo waya na plagi zake zinavujisha kelele ya redio. Kelele hiyo inaangukia kwenye GHz 2.4, palepale Bluetooth inapozungumzia. Intel walitoa waraka wao juu ya jambo hili mwaka 2012, mwaka uleule prosesa za kizazi cha tatu kama yangu zilipotoka.

Bluetooth si dhaifu kwa vurugu za kawaida. Imegawanya masafa yake vipande 79 vya MHz 1, na inaruka kutoka kimoja hadi kingine mara 1,600 kwa sekunde; Wi-Fi ya jirani ikikalia vipande kadhaa, inavikwepa. Kelele ya USB 3 haichagui kipande, inatanda kote, kama mashine ya kusaga iliyowashwa katikati ya watu wanaonong'ona. Ongeza kwamba kidude kiko nyuma ya boksi la chuma, na pedi iko mbele, kwenye mkeka.

Nimepima hivi. Diski imechomolewa: pedi inakaa, nimerudi nyuma hatua tisa hadi mlango wa jikoni, haijakatika. Diski imechomekwa lakini imetulia: hatua tano au sita. Diski inanakili faili kubwa: hatua mbili, tena kwa kusuasua. Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa hivyohivyo.

Dawa yake ni waya wa kurefushia USB, wa mita moja, shilingi elfu tatu. Nimeuchomeka tundu jeusi la mbele, la USB 2, nikapitisha juu ya meza, na kidude sasa kimefungwa kwa utepe kwenye mguu wa kioo, kinatazamana na mchezaji. Diski inanakili, mimi niko mlango wa jikoni, gari linakata kona.

Umeme ulikatika saa mbili kasoro, nikaishia hapo.

Ijumaa

Umeme umerudi usiku. Asubuhi nimewasha, nikabonyeza PS, pedi ikapepesa nyeupe ikazimika, kama siku ya kwanza. Sikupata hofu safari hii. Kuoanisha na kuaminiwa ni mambo mawili: kompyuta ilikuwa na funguo za pedi, lakini haikuwa imeambiwa impokee mgeni huyu anapobisha hodi mwenyewe. Nimefungua bluetoothctl, programu ya kuamuru Bluetooth kwa maandishi, nikaandika trust ikifuatwa na anwani ya pedi, kisha connect. Nimezima na kuwasha kompyuta mara mbili. Mara zote PS moja imetosha, na taa imekuja bluu bila mimi kugusa kipanya.

Jumamosi

Ameamka kabla ya chai. Nimemkabidhi pedi, nikamwonyesha kitufe, nikakaa pembeni bila kusema kitu. Akabonyeza. Bluu.

Amecheza mpaka saa tano, na bibi yake amekuja kukaa naye akiuliza yule ndege mwenye gari ni nani. Kompyuta inaonyesha na kiwango cha chaji ya pedi; betri ni ya mAh 1,000 na imetumika, kwa hiyo najua nitaibadilisha mwakani. Kwa sasa nachaji kwa waya wa dada, wenye utepe mwekundu.

Kilichobaki ni pedi ya pili, maana anataka kushindana na mimi. Dreva inaipa kila pedi rangi yake kwa zamu: ya kwanza bluu, ya pili nyekundu. Nimemwambia nyekundu itakuwa yangu. Jumanne naenda tena Kariakoo, na laptopu begani.