Padre hakuja, lakini tulisali

Kuna kauli inaniudhi, na Jumapili nimeisikia tena nje ya kanisa la kigango chetu, tawi la parokia lisilo na padre wa kudumu: "Leo hatukusali, padre hakuja." Hatukusali vipi? Katekista, yule muumini anayefundisha dini, aliongoza ibada, masomo yakasomwa, komunyo iliyoletwa kutoka parokiani ikatolewa. Sadaka pia ilikusanywa, na sikuona aliyerudishiwa ya kwake.

Mimi ni mtoto wa katekista, kwa hiyo naandika kwa uchungu kidogo. Baba alikuwa na daftari la jalada gumu: jina la mtoto, wazazi, msimamizi, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, wazazi ambao bado hawajafunga ndoa. Paroko alipofika, mafundisho yalikuwa yameshatolewa na wagonjwa wanajulikana nyumba kwa nyumba. Alibatiza, akaungamisha, akaadhimisha misa, akapanda pikipiki kuwahi kigango kingine. Sasa hapo nani alikuwa msaidizi wa mwenzake?

Simpunguzii padre heshima. Misa, maungamo na mpako wa wagonjwa haviwezekani bila yeye, na katekista anayejifanya padre mdogo, anayetaka atengewe kuku, ananichosha vilevile. Lakini ubatizo, padre au shemasi asipokuwepo, kanuni ya 861 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu katekista kuutoa.

Kwenye mazishi ndiko kuna kesi. Katekista anaweza kuzika, na misa ya kumwombea marehemu ikaja baadaye. Shida ni kwamba huku kwetu kukosa padre kaburini kumegeuzwa adhabu ya mwenye kadi ya zaka tupu. Basi hata padre akikwama tu kwa mvua, majirani wananong'ona: kumbe marehemu alikuwa halipi! Familia inabeba aibu juu ya msiba, na katekista wa watu anaonekana kama hukumu iliyovaa kanzu.

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua, Antiquum Ministerium, akaifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei, yaani waumini wasio mapadre. Tulipotangaziwa tulipiga makofi. Posho ya katekista ikabaki palepale.

Kwenye jumuiya yetu ya kusali nimependekeza kila kaya imtolee katekista debe moja la mahindi wakati wa mavuno, mbali na zaka. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamekubali. Mwenyekiti anasema tumwulize paroko kwanza.