Nani anausubiri ukurasa wa 140?

Watu wakijua naandika swali la kwanza huwa ni napata wapi mawazo, na mi huwa najibu tu kwa heshima, lakini ukweli mawazo hayajawahi kunipa shida, Dar hii ukikosa cha kuandika labda huna masikio. Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto tumebanana pale mlangoni, dada mmoja anaongea na simu kwa sauti ya juu hana hata wasiwasi, anasema "mwambie nimekufa, na mwambie mazishi nimejilipia mwenyewe." Akakata simu akaendelea na karanga zake. Sasa hapo unatafuta nini tena wewe? Shida yangu ni nyingine kabisa, na imenikaba wiki nzima hii.

Riwaya ninayoiandika hakuna mtu anayeisubiri.

Wengi mnanijua kwa zile hadithi za WhatsApp, za grupu la kulipia, buku mbili hadithi nzima, unatuma hela kwa simu nakuunga, basi. Kila usiku saa tatu naweka kipande. Kama hujawahi kuandika hivyo huwezi kuelewa utamu wake, maana ikifika saa tatu na dakika tano sijaweka kitu simu inaanza kuwaka, dada mwandishi vipi jamani, dada usitufanyie hivyo, dada umetuacha na arosto tangu jana yule mwanamke kashika kisu hatujui kamchoma nani. Nina wasomaji wako Muscat na Dubai, dada zetu wa kazi za ndani, saa tatu yetu kwao ni saa nne, ndo wametoka kumaliza vyombo wanajinyoosha na simu zao. Hao ukichelewa wanakwambia ukweli bila kupepesa, kwamba siku nzima wamesukuma kazi wakijua usiku kuna kipande.

Kwa mtindo huo huna nafasi ya kujitilia shaka. Shaka inataka mtu mwenye muda. Mi saa mbili na nusu usiku niko jikoni ugali uko motoni, mwiko mkono wa kulia simu mkono wa kushoto, nafikiria tu leo namuua nani. Sijiulizi kama najua kuandika. Sijiulizi kama sentensi ni nzuri. Wakicheka nimeweza, wakikaa kimya kesho nabadilisha gia.

Riwaya sasa. Mzee wa kwenye riwaya ni mstaafu wa reli, yuko Korogwe, nyumba iko karibu na mashamba ya mkonge, binti yake kashuka kwenye basi na masanduku mawili na hajasema kwa nini karudi, na mzee hajauliza. Ndo hivyo. Hamna kisu, hamna mchepuko, hamna mtu kafufuka. Hii ningeiweka kwenye grupu watu wangedai hela zao.

Lakini naipenda kuliko yote niliyowahi kuandika na hapo ndo matatizo yanapoanza, kwa sababu kitu unachokipenda na hakuna anayekidai unakiandika usiku peke yako watu wamelala. Nasogeza madaftari ya hesabu ya watoto pembeni ya meza, laptop betri yake ilishajifia kwahiyo inaishi kwenye waya, naenda kuangalia kwanza luku imebaki yuniti ngapi, narudi, nafungua, nasoma nilichoandika jana. Jana kilikuwa kizuri. Nakumbuka kabisa kilikuwa kizuri maana nilienda kulala natabasamu. Leo nakisoma sioni hata ule uzuri ulikuwa wapi.

Na ile sauti yenyewe inayokuja wala haina ukali, ni ya kawaida tu kama karani wa dirishani anayekuomba kitambulisho. Nani kakutuma. Nani kakwambia hadithi ya mzee wa Korogwe inahitajika. Halafu nyuma yake anakuja mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari na biki yake nyekundu, yeye anakaa kwenye kila mazungumzo, nikiandika mhusika kasema "we vipi bana mbona unanizingua" naona kabisa anapiga mstari. Nikimsikiliza wahusika wangu wote wanaanza kuongea kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku, binti kashuka kwenye basi anamwambia baba yake "nimerejea nyumbani, ewe baba yangu mpenzi". Hapana. Mtu aliyeshuka kwenye basi la Tanga na joto lile anasema shikamoo baba, maji yapo?

Mchana huwa sina hii hali kabisa, na hilo limenifanya nifikiri sana. Mchana naandika mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mabati yapo au hayapo, fundi kalipa au kakopa, hamna mtu anakaa na mfuko wa saruji anajiuliza kama saruji hii inasema kitu. Na kuna mtu anaisubiri, amesimama pale mbele yangu na mkokoteni. Ndo maana siku hizi naona hii shaka haitokani sana na kipaji, mana kipaji kile kile cha saa tatu usiku kwenye grupu ndo hicho hicho cha saa tano mezani. Kilichobadilika ni foleni tu. Saa tatu kuna foleni mlangoni, saa tano hakuna hata mmoja, na mtu ukikaa kimya kwa muda mrefu unaanza kuuona ule ukimya kama jibu.

Sasa ndugu. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi, kwenye grupu la ukoo baba mdogo akatupia picha yake na chini kaandika "umeona mwenzio?" Mwenzangu! Mtu katoa riwaya yake ya kwanza 1987 mi nilikuwa natambaa. Ikawa ndo wimbo, kila harusi kila msiba nakutana na mtu ananiuliza na wewe lini, wengine wanauliza kwa mapenzi kabisa wala hawanisanifu, wanadhani ni zamu. Nilichojifunza kwenye ile habari lakini ni kitu kingine. Riwaya yake ya Paradise ilitoka 1994, Kiswahili chake, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kimetoka 2022. Miaka 28. Hadithi ya pwani yetu hii hii, ya mtoto wa Kiswahili, na mama yangu asingeweza kuisoma mpaka amefika uzeeni. Kwahiyo wasomaji walikuwepo muda wote huo, ila foleni haikuwepo kwa sababu hawakujua kuna kitu cha kusubiri.

Na Shaaban Robert ndo kabisa. Karani wa serikali yule, alianzia forodhani, akahamahama maofisi, kazi ya mchana ikiisha ndo anaandika. Kafariki 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vimetoka 1968, mwenyewe yuko kaburini miaka sita. Watu hupenda kunipa huu mfano kama dawa, kwamba ona, hata yeye alisubiri, usikate tamaa. Jamani mi haunitulizi hata kidogo. Marehemu hakuona kitabu. Mnaniambia nisiwe na wasiwasi mana huenda nikasomwa nikishakufa? Mi nataka kusomwa nikiwa hai, nikiwa na meno, nitukanwe kidogo na watu nawajua.

Tuzo zipo, ndiyo, ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu hutolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, nami natamani kupeleka mswada kama kila mtu. Lakini tuzo inakuja mwishoni, ukishamaliza. Haikusaidii ukurasa wa 140. Na ukurasa wa 140 ndo mbaya kuliko yote, mwanzo una hamu yake, mwisho unajisukuma wenyewe, pale katikati hujui kama unaelekea Korogwe au umeshapitiliza uko Mombo.

Kilichonisaidia kidogo, na nasema kidogo, ni mama. Mama kaja kutoka Muheza kuangaliwa macho, yuko kwetu tangu mvua, kusoma maandishi madogo hawezi tena kwahiyo jioni moja anachambua mchele barazani akaniambia "we mtoto kila siku unakodolea hiyo kompyuta, hebu nisomee na mimi nijue unafanya nini." Nikaleta. Nikaanza kumsomea kwa sauti, sura ya kwanza, mama ungo uko mapajani, vidole vinatembea, vijiwe vinarushwa huku, wala haniangalii. Nikafika sura ya tatu akasimamisha mkono.

"Huyo mzee mbona hajala?"

Nikamwambia mama, si kitu kikubwa, kula hakuna uhusiano na hadithi.

"Hajala tangu juzi. Mtoto kaja jana, jana hakuna aliyepika, leo hakuna aliyepika. Na si ulisema ana sukari? Mtu ana sukari hajala siku mbili na bado anatembea kwenda stesheni? Atadondoka huyo."

Mi nacheka, yeye hacheki. Akaendelea kuchambua mchele halafu baada ya muda bila kuniangalia akasema, "labda binti ndo anaona aibu kuingia jikoni. Jiko la mama yake lile."

Aisee. Mi sikuwa na jiko. Nilikuwa na mzee na binti na ukimya mwingi wa kisomi, na mke wa mzee alishafariki kabla riwaya haijaanza, nilimtaja kwa sentensi moja tu nikampita. Usiku ule nikaandika binti kasimama mlangoni pa jiko la marehemu mama yake, kibatari juu ya kabati, sufuria zimepangwa vile vile kwa ukubwa, mbuzi ya nazi iko chini imekauka, na hajui kama akigusa sufuria moja baba yake atafurahi au atalia. Hapo ndo nikajua kwa nini karudi. Sijawaambia ninyi, na mama pia sijamwambia.

Sasa msije mkadhani nimepata suluhisho, mama ana mambo yake. Kwanza analala. Nimesoma ukurasa mzuri kabisa wa mvua kwenye mkonge, namtazama, kalala na ungo mkononi. Pili anataka binti aolewe, tena ana mtu wake kabisa, yule fundi redio aliyetokea mara moja sura ya tano, mama kampenda, kila jioni ananiuliza "na yule fundi?" Fundi hana kazi nyingine kwenye riwaya zaidi ya kutengeneza redio, nimemwambia, hasikii. Kwenye hili mama kakosea na sitamfuata. Ila saa tano usiku nikikaa mezani najua kesho jioni kuna mtu mmoja atauliza yule mzee kafikia wapi, na mtu mmoja, sikutegemea, anatosha kufanya mkono utembee.

Kuna ndugu zetu waandishi wanaozidharau hadithi za simu, wanasema zinaharibu lugha, zinaharibu wasomaji. Mi siwaelewi. Hizo hadithi zimenifundisha msomaji anachoka wapi, kitu ambacho darasani hakuna aliyenifundisha, na zimefanya watu ambao hawajagusa kitabu tangu kidato cha nne wasome kila usiku. Ninachokubali ni kwamba zina tabia zake zinazokufuata. Kwenye grupu kila kipande lazima kiishie mtu anagonga mlango. Nikipitia riwaya nakuta kila sura mtu anagonga mlango, mzee wa watu kajistaafia Korogwe anagongewa usiku na mchana, nyumba imekuwa kituo cha polisi. Nawatoa mmoja mmoja hao wagongaji. Nimebakiza mmoja tu, na ni jirani kaja kuomba chumvi.

Siku zingine siandiki kabisa na zamani nilikuwa najisikia vibaya, siku hizi naangalia kwanza kama ni shaka au ni uchovu, mana zinafanana sana usiku. Ukiwa umesimama kwenye daladala kutoka Kariakoo, umefika umepika, umesahihisha hesabu za mtoto, umemtia mama dawa ya macho, halafu unaisoma kazi yako unaiona mbaya, kazi inaweza isiwe na tatizo lolote. Lala. Asubuhi soma tena kabla hujaongea na mtu. Kama bado mbaya basi ni mbaya kweli na unaijua dawa yake, unafuta.

Haya, kwa wale wa grupu mnaoniuliza kila siku. Hadithi mpya inaanza shule zikifunga, bei ile ile buku mbili, na yule mwenye kisu atajulikana kamchoma nani kipande cha kwanza kabisa kwahiyo tulieni. Wa kitonga msinitumie tena meseji za "dada niunge nitatuma mwisho wa mwezi", mwisho wa mwezi upi, tunafahamiana. Na nyie mnaochukua vipande vyangu mnafuta jina mnaweka lenu, angalau basi futeni na yale maneno ya mwishoni yanayosema malipo yatumwe kwa namba yangu, mana bado kuna watu wananitumia.