Tarumbeta za mwisho wa upande: nilivyopunguza mkwaruzo kwenye santuri

Simfoni zangu za santuri zilikuwa safi mpaka dakika chache za mwisho wa upande. Tarumbeta na tromboni zikiingia kwa nguvu, sauti inachanika. Kila niliyemuuliza aliniambia ninunue amplifaya mpya, na ushauri huo unaniudhi hadi leo. Rekodi ileile kwenye CD, kwa amplifaya na spika zilezile, ilifika mwisho bila mchaniko wowote. Kasoro ilikuwa kwenye sindano.

Santuri ya LP huzunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho. Ukingoni, mfuo (mchirizi wenye sauti) hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde; karibu na lebo ni 21 tu. Mawimbi hubanwa, sindano ikashindwa kuyafuata. CD hubadilisha mzunguko, takriban mara 500 kwa dakika ikiwa ndani na 200 ikifika nje, ili kasi ya kusoma isibadilike. Muziki wa klasiki ndio unaoumia zaidi kwenye santuri, kwa sababu kilele chake mara nyingi kiko mwishoni.

Kwanza niliongeza uzito wa sindano juu ya santuri. Katriji yangu, yaani kichwa kinachobeba sindano, inataka gramu 1.8, nikaipa 2.4. Mkwaruzo haukuondoka, na kijiti chembamba kinachoshika ncha ya sindano kikalala hadi karibu kugusa santuri. Nilirudisha 1.8 kwa mizani ndogo ya kidijitali, maana namba za kwenye gurudumu la uzito, lililo nyuma ya mkono unaobeba katriji, haziaminiki.

Dawa ilikuwa kupanga katriji upya kwa kipimo cha karatasi chenye nukta mbili, milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya santuri, ambapo sindano inatakiwa kulala sambamba na mfuo. Hapa nilikwama. Nilipanga, nikasikiliza, hali ikawa mbaya zaidi. Nikapanga tena, vilevile. Mwishowe nikaweka rula juu ya karatasi: mstari wake wa kupimia, wa milimita 100, ulikuwa 97. Printa ilikuwa imepunguza ukurasa ili utoshe. Chapisha kwa asilimia 100 kamili, kisha pima mstari huo kabla ya kugusa skrubu.

Angalia kijiti chenyewe kwa taa ya pembeni, usiangalie mwili wa katriji. Sindano yangu ilikuwa imepinda kidogo, kwa hiyo katriji sasa inaonekana imekaa upande huku kijiti kikiwa sambamba na mistari ya karatasi kwenye nukta zote mbili. Ukishaisogeza, pima uzito upya.

Ulibaki mchaniko wa spika ya kulia peke yake. Mkono huvutwa kuelekea katikati, kwa hiyo ukuta wa nje wa mfuo, wenye sauti ya kulia, hubaki na shinikizo dogo. Niliongeza kidogo nguvu ya kuurudisha mkono nje, huku nikirudia kilele kilekile hadi pande mbili zikalingana. Santuri tupu isiyo na mifuo haifai kwa kazi hii, kwani msuguano wake si ule wa mfuo.

Mabaki ya mwisho yaliondoka nilipobadilisha sindano ya ncha ya mviringo kwa yenye ncha nyembamba.

Kwa faili za kidijitali nazo, zima kusawazisha sauti kwa kila wimbo, la sivyo mwendo (sehemu ya simfoni) wa taratibu utapaa sawa na kilele. Ondoa pia pengo kati ya nyimbo: katika Simfoni ya Tano ya Beethoven, mwendo wa tatu huingia wa nne bila kusimama, na kimya cha sekunde moja hapo hukata pumzi ya okestra nzima.